Malkia wa sisimizi ni mali, lakini ni mali ya nani?

Na Mwandishi Wetu

MVUA ya kwanza ikishanyesha Mbulu na Hanang, kila mkulima anajua la kufanya. Anayelima ngano Basotu anatazama unyevu wa udongo, anayelima maharage Dongobesh anatafuta mbegu, na mwenye vitunguu saumu katika miinuko ya Mbulu anapiga hesabu ya mbolea. Watoto nao wana shughuli yao, nayo ni kukimbiza kumbikumbi kwenye taa jioni na kuwakaanga.

Ni wachache wanaoangalia kinachotokea pembeni mwa shamba siku hizo hizo. Kutoka kwenye mashimo ya sisimizi wanaokusanya mbegu hutoka wadudu wenye mbawa, wakubwa kuliko sisimizi wa kawaida. Huruka, hupandana, kisha huanguka chini. Baada ya saa chache majike hukata mbawa zao na kuanza kuchimba. Hao ndio malkia wapya.

Kwa miaka mingi mdudu huyu hakuwa na bei. Leo anayo. Kwa wanunuzi wa Ulaya na Asia, malkia mmoja wa aina kubwa ya sisimizi wa Afrika Mashariki ametajwa kuuzwa kwa dola 200 za Marekani na zaidi. Ni fedha ambayo mkulima mdogo wa Hanang hapati kwa magunia kadhaa ya mahindi.

Swali la kujiuliza ni je, fedha hiyo inamfikia nani? Na yule atakayepiga magoti shambani na kuokota malkia, atapata nini na atapoteza nini? Jibu tunalo, kwa kuwa majirani zetu wa Kenya wameshalipitia mbele ya mahakama.

Yaliyotokea Naivasha

Mwezi Aprili 2025, maofisa wa Kenya waliwakamata vijana wawili raia wa Ubelgiji katika nyumba ya wageni huko Naivasha, Kaunti ya Nakuru. Walikuwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, waliofungwa katika mirija midogo zaidi ya 2,000 yenye pamba. Katika kesi nyingine iliyosikilizwa wakati huo huo, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja walikutwa na sisimizi zaidi ya 300.

Wengi wa sisimizi hao walikuwa wa aina ambayo wataalamu huiita Messor cephalotes. Ni sisimizi wakubwa wenye rangi nyekundu na nyeusi, wanaoishi kwa kukusanya mbegu za nyasi. Jamii hii ya sisimizi ipo Kenya na ipo Tanzania pia. Bonde la Ufa linalopita Naivasha na Gilgil ndilo hilo hilo linaloshuka hadi Manyara na Balangida. Wadudu hawajui mpaka wa Namanga.

Mei 7, 2025, Hakimu Njeri Thuku wa mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, aliwahukumu wote wanne kulipa faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12 jela. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilisema kesi hiyo inaonyesha kuwa ujangili umebadilika sura. Wahalifu waliozoeleka kwa pembe na meno ya tembo sasa wanafuata viumbe wadogo wasiotazamwa na mtu.

Wako waliocheka. Mtu afungwe kwa sababu ya sisimizi? Lakini mfanyabiashara hapaswi kucheka kabla ya kupiga hesabu.

Hesabu inayouma

Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa mahakamani, mmoja wa vijana wale alikuwa amenunua malkia 2,500 kwa dola 200. Hebu tugawanye. Kila malkia alinunuliwa kwa senti 8 za dola. Kwa thamani ya shilingi ya Tanzania mwaka huo, ni kiasi cha shilingi 200 hivi kwa malkia mmoja.

Sasa tazama upande wa pili. Huko Ulaya, dola 200 hizo hizo ndizo bei ya malkia mmoja tu. Maana yake ni kwamba fedha aliyolipwa muuzaji wa huku kwa malkia 2,500 inarudi kwa mnunuzi akishauza malkia mmoja. Waliobaki 2,499, ukitoa nauli, mirija, na wale watakaokufa njiani, ni faida.

Mkulima wa Manyara hahitaji kufundishwa maumivu ya namna hii. Mwaka 2017 India ilipoweka mipaka ya kuingiza mbaazi, bei iliporomoka mashambani na wengi wakabaki na magunia ndani. Somo lilikuwa wazi kwamba zao linalotegemea mnunuzi mmoja wa mbali, ambaye bei anaipanga yeye, ni zao la hatari. Biashara ya sisimizi ina hatari hiyo hiyo, tena imeongezewa nyingine. Mbaazi angalau zina risiti, ushuru na ghala. Malkia wa sisimizi huuzwa kwa siri, na muuzaji akidhulumiwa hana pa kwenda kushtaki, kwa kuwa akishtaki anajishtaki mwenyewe.

Kwa nini malkia anasafirika

Wengi hushangaa inawezekanaje mdudu aliyefungwa ndani ya mrija afike Ulaya akiwa hai. Jibu liko katika maisha yake.

Malkia akishapandwa hewani, mbegu ya dume huihifadhi tumboni maisha yake yote. Harudi tena kwa dume, na madume hufa muda mfupi baada ya kuruka. Yeye huchimba shimo dogo, hujifungia ndani na hali chochote kwa wiki nyingi. Misuli ya mbawa ambayo haina kazi tena huyeyuka mwilini mwake na kuwa chakula chake na cha watoto wa kwanza. Watoto hao wakikua ndio wanaofungua shimo na kutoka kutafuta mbegu.

Kwa hiyo mrija wenye pamba yenye unyevu, kwa malkia, ni sawa na shimo lake. KWS ilieleza kuwa wale wa Naivasha walikuwa wamefungwa kwa namna ya kuweza kuishi hadi miezi miwili. Ng'ombe huwezi kumficha kwenye begi. Malkia 100 unaweza.

Tena malkia huishi muda mrefu. Malkia wa sisimizi mweusi wa Ulaya aliwahi kufugwa akaishi karibu miaka 29. Ndiyo sababu wafugaji wa ughaibuni hulipa bei kubwa. Hawanunui mdudu mmoja, wananunua kundi zima litakalokua kwa miaka, wakilitazama ndani ya kioo kama wengine wanavyotazama samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu biashara hiyo nchini China ulihesabu zaidi ya makundi 58,000 ya sisimizi yaliyouzwa kwa njia ya mtandao ndani ya miezi sita, na zaidi ya robo ya aina zilizouzwa hazikuwa za China. Soko lipo, na si dogo.

Namna ya kuwatambua

Huko Ulaya, sisimizi wengi huruka majira ya joto, kati ya Juni na Agosti. Huku kwetu saa yao ni mvua. Huruka baada ya mvua nzuri kufuata siku kavu, udongo ukiwa umelainika, hewa ikiwa na joto na upepo umetulia. Kabla ya kuruka, utaona sisimizi vibarua wakipanua mdomo wa shimo na kuzunguka kwa fujo, na wenye mbawa wakichungulia na kurudi ndani. Makundi mengi ya eneo moja huruka siku moja, na hiyo ndiyo nafasi ya majike kupandwa na madume wa shimo lingine.

Ni muhimu mkulima asichanganye wadudu hawa na kumbikumbi. Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa. Mbawa zake nne zinalingana urefu, kiuno chake ni kinene na papasi zake zimenyooka. Sisimizi mwenye mbawa ana kiuno chembamba sana, papasi zilizopinda kama kiwiko, na mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Kumbikumbi ni kitoweo cha siku nyingi na hakuna anayemkataza mtoto kuwaokota. Lakini mgeni akija na mirija na kukuambia anatafuta kumbikumbi, mwangalie anaokota nini.

Tofauti hiyo ina maana hata shambani. Mchwa hula nyumba, uzio na mabua. Sisimizi wanaokusanya mbegu hubeba mbegu za nyasi na pengine za mkulima, hasa zilizomwagwa juu bila kufukiwa. Mkulima wa ulezi au mtama anayepanda kwa kurusha anawajua. Dawa nyepesi ni kufukia mbegu vizuri na kupanda udongo ukiwa na unyevu wa kutosha ili ziote haraka.

Lakini deni lao wanalilipa. Mashimo yao huingiza hewa na maji ardhini, takataka wanazotupa nje hurutubisha udongo, na mbegu wanazoziangusha njiani huota mahali papya. Mfugaji wa Hanang anayelilia malisho asisahau kuwa sehemu ya nyasi zile imepandwa na sisimizi. Huyu ni kibarua asiyedai ujira.

Je, kuokota kunaharibu?

Hapa lazima tuwe wakweli, maana watetezi wa biashara hii wana hoja. Wanasema kati ya malkia maelfu wanaoruka, karibu wote hufa. Huliwa na ndege, mijusi na sisimizi wengine, au hukauka kabla ya kuchimba. Kwa hiyo, wanasema, akiokotwa ambaye angekufa, nani amepungukiwa?

Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina matundu. Kwanza, muokotaji haokoti kama ndege. Ndege hushiba, lakini mtu anayelipwa kwa idadi hashibi. Pili, malkia wachache wanaonusurika ndio warithi wa makundi yanayokufa kwa uzee, na eneo likiokotwa kila msimu, pengo halionekani leo, litaonekana baada ya miaka. Tatu, siku za kuruka ni chache. Msimu ukiisha na mnunuzi bado anataka, watu hugeukia majembe na kufukua mashimo yenye malkia wakubwa. Hapo kundi zima hufa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Nne, hakuna anayesimamia hesabu. Mvuvi wa ziwani ana leseni na kipimo cha nyavu. Mvuna magogo ana kibali na nyundo ya misitu. Muokota malkia hana chochote, na biashara isiyo na daftari hupotea bila habari.

Sheria ya kwetu inasemaje

Wapo watakaosema hayo ni ya Kenya. Msomaji asijidanganye. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inapozungumzia mnyama haiishii kwa simba na twiga. Tafsiri yake inagusa wenye uti wa mgongo na wasio nao, isipokuwa wale wa kufugwa. Sisimizi naye yumo. Kumkamata kwa ajili ya biashara na kumsafirisha nje kunahitaji kibali cha mamlaka za wanyamapori, na makosa ya wanyamapori hapa nchini huweza kufikishwa mahakamani kwa sura ya uhujumu uchumi. Hukumu za miaka 20 jela kwa makosa hayo si habari ngeni magazetini.

Serikali nayo imeshaumwa na nyoka, hata ung'ongo huuogopa. Novemba 2010, wanyama na ndege hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa kwenye ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) na kupelekwa Qatar. Mwaka 2016 tumbili waliokuwa wanapelekwa Armenia walikamatwa katika uwanja huo huo, na baada ya hapo Serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Juni 2022, tangazo la kuwapa wafanyabiashara miezi sita ya kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao lilisitishwa ndani ya siku chache baada ya wananchi kuhoji.

Kutoka Katesh hadi KIA ni barabara ya lami kupitia Babati na Arusha, na Namanga nako si mbali. Hilo ni jambo jema kwa anayesafirisha vitunguu na ngano. Ni jambo la kutahadhari pia, kwa sababu njia inayopitisha zao ndiyo inayopitisha magendo.

Ni kweli kwamba wakati wa kesi ya Kenya aina ile ya sisimizi haikuwa katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Hilo lisimdanganye mtu. Kutokuwapo kwenye orodha ya kimataifa hakufuti sheria ya nchi. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unatambua kuwa kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe wake, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka anayechukua rasilimali za kibaiolojia kwa matumizi ya utafiti na uendelezaji apate ridhaa na agawane faida. Senti 8 si mgawo.

Njia ya halali ipo?

Makala haya hayakusudii kumwambia mkulima kuwa asile kilicho cha kwake. Kinyume chake, tunasema anaibiwa kilicho cha kwake. Kama mdudu wa shambani mwako ana thamani ya dola 200, suala si kukukataza tu, bali kutafuta namna ya wewe kupata sehemu yako bila pingu.

Mifano ipo. Katika Milima ya Usambara Mashariki, wanakijiji wa Amani, Muheza, walianza miaka ya 2000 kufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyofungwa kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Hawakuwamaliza porini, walipanda miti wanayokula na kuzalisha wenyewe, na fedha ikasomesha watoto. Kenya nao wana mradi wa Kipepeo, Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioanza mwaka 1993. Hata hivyo, wakulima wa Amani waligongwa na katazo la mwaka 2016 pamoja na walanguzi wa tumbili, ingawa wao walikuwa na vibali. Somo ni mbili: ufugaji wa wadudu unawezekana, na wahalifu wakiharibu jina la biashara, waaminifu hulipa gharama.

Mfano mwingine uko ndani ya Mbulu yenyewe. Bonde la Yaeda, Wahadzabe na majirani zao wamekuwa wakipata malipo ya hewa ya ukaa kwa kulinda misitu yao. Hakuna mti unaopakiwa kwenye begi. Kijiji kinalipwa kwa sababu miti imebaki imesimama, na fedha hupangwa mkutanoni, mbele ya watu.

Kwa sisimizi, mradi wa namna hiyo ungehitaji mambo manne. Kwanza, watafiti wahesabu aina zilizopo Manyara na wingi wake. Pili, wizara iseme wazi kama wadudu wanaozalishwa vijijini watatenganishwa na wanyama wa porini katika vibali. Tatu, vikundi vya wakulima vilivyosajiliwa viuze kwa pamoja, ili bei isipangwe na mtu mmoja mwenye begi. Nne, nchi zinazonunua zidai cheti cha asili ya mdudu. Nchi hizo nazo zina sababu ya kujali, kwani sisimizi mgeni akitoroka kwenye kioo cha mfugaji na kuzaliana nje, huweza kuwa balaa kwa wadudu na mashamba ya huko.

Bila hayo manne, anayekuja kijijini na mirija si mwekezaji.

Mkulima afanye nini

Akija mtu, mgeni au mwenyeji, kukutuma wewe au wanao mkaokote malkia baada ya mvua, muulize maswali matatu. Kibali chako kiko wapi? Nani amekisaini? Kijiji kitapata nini? Mwenye kibali halali hatakasirika, atakionyesha. Asiye nacho atakupa hadithi ya utafiti, au atakuongezea shilingi 50 kwa kila malkia.

Usimtume mtoto. Mtoto atafurahia noti ya shilingi 1,000 na hajui anachokibeba. Peleka taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na kwa ofisa maliasili wa wilaya. Viongozi nao wasiishie kutisha watu, bali waitishe mikutano msimu wa mvua unapokaribia na kueleza sheria hii kwa lugha inayoeleweka, maana huwezi kumfunga mtu kwa kosa ambalo hata mtendaji hajawahi kulisikia.

Kesi iliyosikilizwa wakati mmoja na ile ya Naivasha ilimkuta Mkenya mmoja kizimbani pamoja na mgeni, akipewa faini sawa na wageni wote. Shilingi milioni moja za Kenya kwa kijana wa Ulaya ni deni ambalo ndugu wanaweza kuchangishana. Kwa mkulima wa Bonde la Ufa, upande wa Kenya au wa kwetu, ni shamba, ng'ombe na ada za watoto vyote kwa pamoja.

Mvua itanyesha tena Mbulu na Hanang, na malkia wataruka. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini atazame vizuri, maana kinachong'aa kwenye mrija wa mgeni kinalipwa senti 8, na ukikamatwa nacho, bei ya jela unalipa mwenyewe.